Shirika la Ayubu

Nilifika Kindu juu ya baiskeli, nimefungwa kama gunia. Wakati ule wa vita malori yote ya njia ya Pangi yalikuwa yamekufa, na kila kitu kilichoingia mjini, mchele, mafuta ya mawese, mbuzi, mgonjwa, kiliingia kwa baiskeli ambazo hakuna aliyezipanda. Zilisukumwa kwa miguu, fimbo moja imefungwa kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti. Mimi nilikalishwa nyuma, pale pa gunia la mchele. Ubavuni zilining'inia bidoni za mafuta, na mguu wangu mbovu ulinyooshwa juu ya kijiti ili usiguse kitu. Ukuta wa shimo la dhahabu ulikuwa umeniangukia kule Kama, jiwe likanipasua muundi, na kidonda kikaoza. Wenzangu wa shimoni walimwomba yule msukuma baiskeli anichukue, naye alikubali kwa sababu mama yake alikuwa Mrega wa upande wetu. Aliniita mjomba, ingawa alikuwa na umri wa kunizaa. Kwa sheria ya kwetu mtu wa ukoo wa mama yako ni mjomba wako hata akiwa bado ananyonya, na mjomba haachwi aoze njiani.

"Mujomba," aliniambia tulipokuwa tukipanda kilima kimoja, jasho likimtoka, "usikufe mbele ya kufika Kalima. Maiti haijue kujishika."

"Na nikikufa nyuma ya kupita Kalima?"

"Pale njia inashuka. Utajisukuma mwenyewe."

Kwenye kila kizuizi askari walikuja kutafuta cha kuchukua, wakakaribia, wakanusa mguu wangu, wakarudi nyuma na kutufanyia ishara tupite. Hakupoteza hata bidoni moja. "Huu muguu njo lesepase yetu," alisema, yaani ndio hati yetu ya kupita. "Usipone haraka." Usiku tulilala kwa watu aliowajua, siku nyingine chini ya majani ya migomba, na asubuhi alinifunga upya kwa kamba za mpira, akikaza na kupima uzito wa kushoto na wa kulia, kama mtu anayeheshimu kazi yake. Tulipoiona Lualaba nilikuwa sijui tena kama ni homa au ni jua. Tuliishia ng'ambo ya huku, Alunguli, hatukuvuka kwenda mjini. Alikuwa amesikia kwamba kwenye misheni ya pale kulikuwa na masere, yaani sista, aliyetibu bure watu wasio na kwao.

Sitaeleza nilizaliwa wapi na nani, wala kwa nini siku ile nilikuwa sina mtu. Vita vilikuwa vimepita kwetu, inatosha. Nimeikumbuka safari hiyo mwaka huu, nikiwa juu ya pikipiki nikitoka Punia, matope mpaka magotini, kwa sababu nilipata habari kwamba Masere Klementina amefariki mbali, katika nyumba ya masista wazee, na kwamba Alunguli watamsomea misa. Mimi si mtu wa kurudi nyuma. Nimeishi Kisangani, Kasongo, Kalemie, Kigoma, na sijawahi kukaa mahali mpaka muhogo nilioupanda ukakomaa. Lakini kwa ajili yake nilirudi. Nilikuta jengo jipya, la matofali ya kuchoma na bati la bluu, na langoni mlinzi mwenye kofia ya sare. Mbele yake alikuwa amekaa mama mmoja mwenye kanga iliyokwisha, mmoja wa wale wanaolala sokoni, amejishika tumbo. "Mama, muntu yako iko wapi?" mlinzi alimuuliza. "Nani atakupikia? Nani atakufulia? Bila garde-malade hatupokeye." Hakusema kwa ukali, ilikuwa kazi yake. Mimi nilisimama, kwa sababu swali lile niliulizwa mimi mlangoni pale pale, kwa maneno yale yale, na jibu lilikuwa jingine.

Ndani ya kanisa, baada ya komunyo, walimpa nafasi Papa Donati aseme neno. Zamani alikuwa mwenyekiti wa kamati ya misheni. Sasa ni mzee wa kushikwa mkono, suti imemzidi mabega, lakini sauti ni ile ile. Alisema Masere alikuwa mama wa wote. Alisema, "Hapa hatukuuliza muntu anatoka wapi." Halafu, ili watu wasilie sana, akatoa kichekesho: kwamba wakati wa vita shirika moja la wakristo wa misheni hii, jumuiya ya kusali, liliongozwa na Mwislamu. Ndiyo, mzee Mwislamu kabisa, mwenye kofia yake, mkubwa wa shirika. Kanisa zima lilicheka. Wengine walipiga makofi. "Namna hiyo tuliishi na ndugu zetu Waislamu," alimalizia, akakaa. Nilitazama migongo ya watu waliokuwa wakitikisika kwa kicheko, nikatoka nje.

Nilimngoja uani, pale walipokuwa wakigawa wali na sombe, yaani kisamvu, kwa wageni. Nilimsalimu kwa heshima, nikamuuliza kama ananikumbuka.

"Watu walikuwa wengi, mwanangu."

"Na Mzee Ramazani?"

"Huyo huyo wa shirika," alisema, uso ukamng'aa. "Eh, muzee alikuwa mucheshi. Alienda wapi yule?"

Alikuwa na sahani mkononi na punje ya wali kidevuni. Nilijua kwamba hanidanganyi, amesahau kweli, na hilo lilinichoma kuliko uongo. Kwa hiyo naandika alikokwenda.

Siku ile ya kwanza, mlangoni, Masere Klementina alitoka akijifuta mikono kwa aproni. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi sana, wa Kasai, mwenye ulimi wa wembe. Alitazama mguu, hakukunja pua. Akamgeukia msukuma baiskeli. "Wewe njo muntu yake?"

"Mimi njo kinga, musukuma baiskeli tu, Masere. Nashusha, naenda."

"Basi muntu yako iko wapi?" aliniuliza mimi.

"Siko na muntu," nilisema mimi.

Asiyepajua kwetu anaweza kufikiri kwamba bure ni bure. Pale sindano ilikuwa bure, kitanda bure, kufungwa kidonda bure. Lakini hakuna hospitali ya kwetu iliyowahi kupika. Mgonjwa huja na mtu wake wa kuchota maji, kutwanga sombe, kufua nguo na kumgeuza kitandani. Mgonjwa asiye na mtu hufa njaa katikati ya dawa, nami nimeona hilo katika hospitali kubwa kuliko ile. Vita vilikuwa vimejaza njia zote watu wa namna hiyo, na Masere alikuwa amewatungia sheria yake mwenyewe: aliyepona hatoki mpaka awe mtu wa mgonjwa mwingine. Hilo tuliliita kuwa ndugu wa kitanda. Aligeuza kichwa, akaita kuelekea ndani.

"Muzee Ramazani. Mukeka unakunja ya nini? Ndugu yako amefika."

Akatokea mzee mrefu, mwembamba kama fimbo ya kusukumia baiskeli, kofia nyeupe kichwani, kanzu iliyotiwa viraka kwa ustadi hivi kwamba viraka vilionekana kama urembo. Alikuwa fundi cherehani, wa zile familia za zamani za Kiislamu za mji. Askari walioshika mji walikuwa wamechukua cherehani yake, kisha mkubwa wao akachukua nyumba. Mke na watoto walikuwa wamekimbilia njia ya Kasongo, na yeye alikuwa akilala kwenye baraza za watu mpaka kifua kilipomwangusha. Kilikuwa kifua kikuu. Sasa alikuwa haambukizi tena na nguvu zilikuwa zimerudi, lakini dawa zake zilikuwa bado za miezi mingi, na Masere alikuwa akimrudia kila asubuhi kama mtoto: ukikatiza, inarudi, na ikirudi haisikii dawa. Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko Baba Yetu.

Mzee Ramazani alinitazama toka kichwani mpaka kwenye kidonda. "Huyu wa wapi?"

"Wa Pangi," alisema Masere.

"Murega? Masere, nihurumie. Warega wanakula nyani. Sufuria yangu haijawahi kuona mukono wa nyani toka inatoka dukani."

"Sina nyani," nilisema.

"Utatafuta," alisema yeye, huku ameshanishika kwapani ananiinua.

Chumba chetu cha wanaume zamani kilikuwa ghala la mchele. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa, lakini mvua ikinyesha harufu ya pumba ilitoka tena ukutani, na wenye njaa walilalamika kwamba Masere anawatesa. Vitanda vilikuwa vya mbao, vingine milango iliyolazwa juu ya matofali. Jiko lilikuwa kibanda nyuma, mawe matatu matatu, moshi hauna pa kupita, na kila mgonjwa na mtu wake, kila mtu na sufuria yake. Mji ulikuwa umezungukwa. Askari walikuwa ndani, watu wa msituni nje, na aliyekwenda shambani alijiaga kabla ya kwenda. Chumvi ikawa kitu cha kuhadithiwa. Mzee Ramazani alinipikia sombe isiyo na chumvi wala mafuta, akaiita kwa majina ya vyakula vya harusi. "Leo pilau," alisema, akiweka sahani ya majani yaliyochemshwa. Alinifunua shuka, akanifuta usaha kwa maji ya moto, akanitukana kwa adabu. Alipoona nakaribia kulia kwa aibu, kwa sababu mzee wa umri wa baba yangu ananiosha, alisema, "Funga macho. Mimi naona nguo imechafuka tu. Nguo inafuliwa." Nikimkumbuka, mikono ndiyo naiona kwanza, vidole virefu vyenye alama za sindano, vikikunja bandeji kwa upindo wa fundi.

Nilipona, nikachukua zamu yangu. Ndugu yangu wa kwanza wa kitanda alikuwa mchimbaji wa Kabambare, mwenye homa na matusi, aliyenitupia uji usoni akisema nimeweka sumu. Nikamwambia Masere sitaweza. Akanijibu, "Ramazani alikupenda siku ya kwanza?" Nikarudi jikoni. Sikubaki kwa sababu ya utakatifu. Nilikuwa na umri wa kwenda popote, na hapakuwa na popote. Ila nakiri kwamba sijapata tena, katika miji yote niliyopita, chumba ambamo kila mtu alijua nani atamgeuza akishindwa kujigeuza.

Halafu dawa zikaanza kupungua. Ndege iliyokuwa ikileta maboksi ilichelewa, ikachelewa tena. Ghala la dawa lilipakana na kibanda chetu cha jiko, dirisha lake lilikuwa na wavu tu, na asubuhi moja, wakati wa kutwanga, tulisikia kamati imekaa mle ndani na Padri mkuu. Tuliacha kutwanga.

"Masere," ilikuwa sauti ya Papa Donati, "muchele hii wagonjwa wanakula, wamama wa mashirika njo wanaleta. Wanatoa mu kinywa ya watoto wao. Kesho mutoto wa mama huyo anapata malaria, nitamwambia nini? Nitamwambia dawa iliisha kwa watu wa Kabambare, watu hatuwajue?"

"Utamwambia dawa iliisha," alisema Masere.

"Hapana. Kila muntu akuje na mukubwa wa shirika yake. Mukubwa asimame mlangoni, amushuhudie: huyu namujua, njo wetu. Asiye na shirika, aende kwa watu wake."

Padri mkuu aliongea kidogo, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Alisema ni haki. Alisema upendo bila utaratibu ni fujo. Nimekuwa na miaka mingi ya kumfikiria Papa Donati, na najua kwamba hoja yake haikuwa ya kijinga. Wale akina mama walikuwa na njaa kweli, na watoto wao walikuwa na malaria kweli. Lakini shirika ni nyumba chache za jirani zinazosali pamoja. Mtu aliyetoka msituni na kidonda, kijiji chake kimeungua, shirika lake liko wapi? Waliijua hesabu hiyo wote waliokaa mle ndani. Walitunga mlango ambao wale tu waliokuwa wakihitaji kupita hawakuweza kupita, na wakauita utaratibu.

Masere alikuja chumbani mchana, akasimama katikati ya vitanda, mikono kiunoni. "Shirika ni nini?" alituuliza. "Njo watu wanakaa pamoja, wanajuana, wanasaidiana. Ninyi munakaa wapi? Alors, basi, mutachagua mukubwa, leo."

Kulikuwa na kicheko, cha kwanza baada ya siku nyingi. Mchimbaji wa Kabambare, ambaye sasa aliweza kukaa, alisema mkubwa awe mwenye sauti. Mwingine akasema awe mwenye kujua saa za kusali. Wote tukageuka upande mmoja, kwa sababu humo chumbani mtu mmoja tu ndiye aliyesali kwa saa zake bila kukosa, na alikuwa ametandika mkeka wake kuelekea upande ambao si wa altare.

"Hapana," alisema Mzee Ramazani. "Mimi mutoto wa msikiti. Munataka nichomwe mara mbili?"

"Ni kusema tu 'namujua, njo wetu'," alisema Masere. "Hiyo njo uongo?"

Alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, maana alikuwa mtu aliyeogopa uongo. "Hapana," alisema mwishowe. "Hiyo si uongo." Kisha tukatafuta mtakatifu wa kulipa shirika jina, na yeye mwenyewe akamtaja Ayubu. "Yuko kwenu, yuko kwetu, na alikuwa mugonjwa," alisema. "Ayubu wetu aliambiwa apige muguu chini, maji safi ikatoka." Akanionyesha kwa kidole. "Huyu wa Pangi akipiga, itatoka usaha."

Basi asubuhi alikaa kwenye kigoda mlangoni, kofia kichwani, na wagonjwa walipofika na kuulizwa shirika, yeye alinyanyuka. "Namujua. Njo wetu." Akina mama waliotoka porini na watoto migongoni, vichaa wa bandarini, wachimbaji wa Kama, waliokuwa hawajawahi kumwona. Aliwashika mkono kwanza na kuwauliza jina, ili kujua kwake kuwe kweli, ndipo akashuhudia. Papa Donati aliona, akatuacha siku chache, nadhani kwa mshangao tu. Hicho ndicho kichekesho alichokisimulia kanisani. Hiyo ndiyo sehemu aliyoikumbuka.

Sehemu aliyoisahau ni hii. Padri mkuu alikuja mlangoni mwenyewe. Alisimama mbele ya kigoda, akasikiliza watu watatu au wanne wakishuhudiwa. Halafu akauliza kwa upole, "Na wewe, muzee, nani anakushuhudia?"

"Sisi," nilisema mimi kutoka nyuma. Chumba kizima kikasema hivyo.

"Mukubwa wa shirika ni mukristo," alisema Padri. "Jina lako la ubatizo njo gani?"

"Padri, jina niko nalo moja. Linanitosha."

Padri akaeleza kwamba hakuna anayemfukuza. Mlango uko wazi. Mzee aingie mafundisho, na kwa sababu ya ugonjwa yanaweza kufupishwa sana. Dawa zake zipo, zinamngoja. Asipotaka, basi zitatunzwa kwa ajili ya waamini wenye ugonjwa huo. Alisema yote hayo bila kupandisha sauti, akaondoka, na Papa Donati, aliyekuja naye, akachukua ufunguo wa ghala kutoka mfukoni mwa aproni ya Masere pale mlangoni. Aliuchukua mwenyewe kwa mkono wake. Niliona.

Shirika la Ayubu likavunjwa siku hiyo hiyo. Tuliokuwa na majina ya ubatizo tuliachwa tubaki. Mzee Ramazani alihamia kibanda cha jiko na mkeka wake, nami nikahamia naye. Nilimwambia akubali. Nilimwambia ni maji tu, ni maneno tu, Mungu atajua. Nilimwambia kwa hasira, kila siku, kwa sababu nilikuwa nimeanza kusikia kile kikohozi. Alikuwa akifagia majivu kati ya mawe. "Wamechukua cherehani," alinijibu. "Wamechukua nyumba. Mke wangu sijue yuko wapi. Hii moja imebaki, na wewe unataka niwape kwa vidonge?" Nikamwendea Masere, nikamwomba ambatize basi akiwa amelala, kimya kimya, ili tupate ufunguo. Alinitazama kama anataka kunipiga. "Maji ya ubatizo si ya kumezea dawa," alisema. Alikuwa amepata vidonge vichache sijui wapi, akampa mpaka vikaisha. Wiki chache baadaye wakubwa wake walimwita, na aliondoka kwa ndege ya mizigo, na sanduku lake moja. Aliniaga kwa kunigusa kichwa, akasema, "Wewe njo muntu yake." Sikumwona tena.

Nilikwenda nyumbani kwa Papa Donati. Alikuwa anakula. Alinikaribisha mezani kweli, mke wake akaniletea kiti. Nilisema sikuja kula, nimekuja kwa dawa za Mzee Ramazani. "Mwanangu," alisema, "mimi niko na ufunguo tu. Amri ni ya Padri. Lakini aje, abatizwe. Ni jambo ya asubuhi moja." Alikuwa anachambua samaki mifupa huku anasema. Nilisimama pale nikitazama vidole vyake, na hadi leo nikiona mtu anachambua samaki kwa uangalifu vile, natoka mezani.

Kifua kilirudi kama Masere alivyosema kitarudi. Nilimchotea maji, nikamgeuza, nikamfulia. Nilitwanga sombe nikaiita pilau. Alipokosa pumzi ya kunitukana ndipo nilipojua. Alikufa mchana, wakati wa kupika, kibanda kimejaa moshi na watu, na mchimbaji wa Kabambare ndiye aliyezima moto wake kwanza, kisha wengine wote wakazima. Nilivuka mto kwa mtumbwi kuwaita Waislamu wa mji. Walikuja wazee wanne, wenyewe wamekonda, wakauliza nani ndugu wa marehemu. Nilisema mimi. Walinitazama, na rozari yangu shingoni. Mmoja alitaka kuuliza zaidi, mwenzake akamshika mkono, na wakanipa pembe ya jeneza nibebe pamoja nao mpaka mtumbwini na toka mtumbwini mpaka makaburini.

Haikupita muda, askari waliingia misheni. Walivunja ghala kwa kitako cha bunduki, wakachukua kwinini, sindano, pombe ya kusafishia vidonda, na magodoro. Dawa za kifua hawakuzijua, au hawakuzitaka. Waliyapasua maboksi na kuyamwaga njiani, wakitafuta kilichofichwa chini. Nilitoka jikoni nikakuta uwanja mzima umetapakaa vidonge vyekundu, dawa ya miezi na miezi, na kuku wa misheni wakividonoa. Kuku hawakuulizwa shirika. Papa Donati alikuwa amepiga magoti, anaviokota kwenye matope na kuvitia katika kofia yake, analia. Alinitazama, akaniita nimsaidie. Nilipita karibu sana naye, hata suruali yangu ikagusa bega lake, na sikusimama.

Nilichukua sufuria ya Mzee Ramazani tu. Njia ilikuwa hatari, lakini sikuweza kulala tena siku moja ndani ya ua ule, wala sijalala humo hadi leo. Nilikuwa nimeipita nyumba ya mwisho ya Alunguli nilipokutana na baiskeli inasukumwa, bidoni ubavuni, na nyuma yake amefungwa kijana mwenye jicho lililovimba na kufumba. Msukuma alisimama, akafuta uso.

"Kaka, lopitali ya bure njo huku?"

"Njo huku."

"Wanapokea muntu hana ndugu?"

Nilitaka kumwambia arudi. Nilitaka kumwambia yote, pale pale njiani, kwa sauti ya juu. Kijana alikuwa ananitazama kwa jicho lake moja. Nikamwambia kwamba wakimuuliza shirika, aseme Shirika la Ayubu, na wakimuuliza nani anamjua, aseme Ramazani. Atafute mchimbaji wa Kabambare, kitanda cha karibu na mlango, huyo atapika. Halafu nikamfunga sufuria kifuani kwa kamba ya mpira, nikaikaza.

"Usipikie nyani humo," nilimwambia. "Mwenyewe hapendi."